Wapangaji wa Tumboni

Bibi mmoja alikaa kiti cha nyuma cha basi, macho dirishani, masikio mbele. Mbele yake fundi cherehani mwenye mimba kubwa alipakata chungu cha ua, zawadi ya mkunga. Wifi yake alishika kadi ya kliniki.

"Wifi, kitendawili!" fundi akasema.

"Tega."

"Nyumba yangu imejaa wapangaji, sijawahi kumwona hata mmoja."

"Tumbo na vijidudu vyake. Usinizungushe! Damu isipopanda leo unalazwa. Vidonge vya madini ya chuma unameza?"

"Mwili unanyonya kidogo tu, wifi. Kinachobaki kinawanenepesha wapangaji wabaya, wale wema wanapungua. Tumbo linanivuruga!"

"Ndiyo maana mkunga akakwambia umeze leo, uruke kesho."

"Naruka."

"Unaruka mpaka wapi?"

Fundi akaliangalia ua. Bibi naye akaliangalia: majani yamenawiri kuliko mwenye nalo.

"Nameza, nakuapia!"

Basi likafunga breki mlangoni mwa kliniki. Chungu kikapinduka, udongo ukamwagika, na vidonge vyekundu vikabingirika hadi kwenye kiatu cha wifi.

Bibi akainama, akaokota kimoja, akakipuliza vumbi. "Mwanangu, mpangaji wako huyu hapa. Naona alikosea nyumba."