Kofia Iliyobaki Wazi

Ndugu zetu, majirani, wafanyakazi wenzake mama na wote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, kwa niaba ya familia nawashukuru, na naomba mnivumilie sauti ikinikatika, maana mimi ninayesoma ni kifungua mimba wake, na ndani ya habari hii kuna jambo langu ambalo nisingependa mlisikie kwa mtu mwingine.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Uzi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi baiskeli na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo chumba cha mbele kilikuwa karakana. Alianza shule ya msingi Januari 1961, na alipofika darasa la tano mwalimu wa kazi za mikono aliwaagiza wasichana waje kila mmoja na sindano ya kroshia, ile yenye ncha iliyopinda kama ndoana, na babu, ambaye hakuwahi kuiona sindano ya namna hiyo, akachukua spoku ya baiskeli, akaikata, akaikunja ncha, akaisugua kwa msasa mpaka ikateleza, akampa akimwambia kwamba ikikataa kufuma airudishe, kuna gurudumu linaisubiri. Haikukataa, na mama aliitumia miaka hamsini na tisa.

Alimaliza kidato cha nne Desemba 1971, na tarehe 1 Juni 1973 aliajiriwa kuwa mpokea simu katika ofisi ya maji, kwenye chumba kisicho na dirisha, na kati ya simu moja na nyingine alifuma vitu vidogo vidogo, vitambaa vya kuwekea vikombe, mifuko ya miwani, soksi za vichanga, wala hakuwahi kufuma shuka au kitambaa cha meza, akisema kitu kikubwa kinamtaka mtu mwenye uhakika wa kukimaliza. Mkuu wake wa kwanza alimpiga marufuku kufuma kazini, tena kwa barua, na miezi mitatu baadaye akaja mwenyewe, akafunga mlango, akaomba mfuko wa miwani, wa kahawia, usio na maua. Alistaafu tarehe 30 Juni 2008.

Tarehe 9 Agosti 1975 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, aliyetutangulia mwaka 2009, ambaye kirungu cha gia yake kilivaa kofia ya uzi mwekundu, na wenzake walipomtania aliwajibu kwamba aibu ni yao wanaotembea na gia iliyo uchi. Walijaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1976, ndugu yangu fundi majokofu mwaka 1980, na kitindamimba wetu mwaka 1988, na alitaka kutufundisha kufuma, kila mmoja kwa wakati wake, nasi kila mmoja akawa na mtihani, akawa na safari, akawa na kesho.

Aliowafumia wanaijua desturi yake, kwamba hakufunga mshono wa mwisho mpaka mwenye kitu aje akijaribu, bali kitanzi cha mwisho alikishikiza kwa pini, akaitia kazi yake kwenye kopo la biskuti, akangoja, hata mwaka mzima, kwa sababu kwake vipimo vya kuambiwa vilikuwa uvumi tu. Ukija anakuvalisha, anakutazama, anaongeza safu au anapunguza, kisha anakata uzi, anaupitisha kwenye kitanzi, anavuta, na hapo ndipo kinakuwa chako.

Kitindamimba wetu, anayeishi mbali, alishika mimba baada ya miaka kumi na moja ya ndoa, na mama alimfumia mtoto kofia ya rangi ya maziwa, akaifikisha kwenye pini tarehe 20 Juni mwaka huu, na siku mbili baadaye akapata kiharusi kilichochukua mkono wake wa kulia na sauti yake. Tangu hapo hakutembea bila ile kofia kwenye mkoba. Ndugu yangu, ambaye mikono yake huziba tundu usiloliona, alijaribu kufunga fundo kwenye soksi moja ya zamani aone kama litashika, na mama akahangaika na lile fundo kwa mkono wa kushoto siku mbili, nasi tumekaa pembeni, hatujui kama tumsaidie kulifungua au tumnyang'anye.

Tarehe 11 Julai, kwenye foleni ya hospitali, nilitafuta kitu cha kushikiza karatasi za vipimo, nikatia mkono kwenye mkoba wake, nikakuta pini, nikaichomoa bila kuangalia imeshika nini, na mpaka tunafika nyumbani uzi ulikuwa umenasa kwenye zipu na kufumuka safu kwa safu, kofia ikabaki ya kufunika utosi tu. Hakuwa na sauti ya kunigombeza. Aliishika ile spoku kwa mkono wa kushoto, akajaribu, ikamshinda, akaiweka chini.

Mjukuu alizaliwa tarehe 29 Agosti, kwa upasuaji, madaktari wakakataza safari kwa wiki moja, mdogo wangu akampima kichwa kwa kamba na kutusomea kipimo kwenye simu, na mama akatikisa kichwa kukataa, akakunja kiganja cha kushoto kama mtu anayepokea chungwa, akakaa nacho hivyo. Alifariki tarehe 3 Septemba, saa nne asubuhi. Mjukuu alifika tarehe 5.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu wa mazoezi aliyemnyoosha vidole kimoja kimoja bila kuchoka, majirani waliotufulia na kutupikia, na wenzake wa ofisi ya maji, ambao wengine naona wamekuja na mifuko yao ya miwani.

Na kama mdogo wangu, aliyekaa pale mbele, hajampa mtu mkono wa kulia tangu asubuhi, msimfikirie vibaya, mtoto amevaa kofia yake, pini hatukuthubutu kuirudisha karibu na kichwa kichanga, fundo mama alilikataa, kwa hiyo kidole cha mdogo wangu ndicho kilichoshika kitanzi, na akikitoa inafumuka. Spoku ninayo hapa mfukoni. Tukitoka makaburini, yeyote kati yenu anayejua kufuma, tunamwomba asiondoke kabla hajatuona.

Pumzika kwa amani, mama, mtoto amekuja kujaribu.