Mama Mawingu na Msitu wa Mwaka Ule

Ndugu waombolezaji, dada yetu mkubwa, ambaye ofisini mlimwita Mama Mawingu, alizaliwa tarehe 3 Mei 1968, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1976, akamaliza sekondari 1989, na kupata shahada ya misitu mwaka 1994.

Mwaka 1995 aliajiriwa kupima misitu kwa picha za satelaiti, yaani urefu wa miti na kaboni iliyohifadhiwa ndani yake, na tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na askari wa misitu, ambaye alizungushia miti utepe ili kuhakiki vipimo vya mkewe, akimtania kwamba satelaiti yake ni sawa na mtu anayehesabu wageni wa harusi akiwa juu ya paa, anaona vichwa tu. Walijaliwa mabinti wawili.

Agosti 2009 mawingu yaliufunika msitu aliokuwa akiulinda mumewe, shemeji yetu, na dada, kama ulivyo utaratibu wa kazi yao, aliziba pengo kwa picha ya mwaka uliotangulia, akaandika kwamba msitu umesimama salama, kumbe chini ya mawingu yale moto ulikuwa unakula, na shemeji hakutoka. Tangu hapo dada hakuziba tena pengo la wingu lolote, na mkubwa wake alipolalamika kwamba ramani zake zina matundu kama shuka iliyotafunwa na panya, alimjibu, "Nisichokiona sikisemi." Lakini hesabu ya mwaka ule hakuisahihisha, na ile picha ya kijani aliitundika sebuleni, akatuambia waziwazi kwamba humo mumewe bado yuko lindoni, na akiufuta msitu kwenye hesabu atakuwa amemuua kwa mkono wake mwenyewe. Tuliogopa kukaa sebule ile, na wanawe wamekulia humo.

Figo zilimsumbua tangu 2019, na alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 9 Februari 2022, akiwa ameshikwa mkono na binti yake mkubwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, nanyi wafanyakazi wenzake mliobeba jeneza. Kwenu ameacha agizo, alilolitamka siku moja kabla ya kuaga, kwa sauti ndogo hata tukalazimika kuinama ili tulisikie: ule msitu haupo, ufuteni.

Pumzika kwa amani, dada, wewe na mwenzio.