Jogoo Mweupe wa Shemeji

“Kizuri chaliwa, kibaya chataga,” alisema Odete, mfugaji wa kuku wa kijiji cha Kitaya, tukiwa ndani ya bajaji tukirudi kutoka sokoni. Shemeji yake Inasio alikuwa akimdai radhi: alimzawadia jogoo mweupe wa mbegu, naye Odete akamchinja.

“Kuku wako wamejifunza kumkwepa mwewe,” alinung’unika Inasio. “Hata yule angejifunza.”

“Nani kajifunza, shemeji? Mwewe aliwaona weupe, akawala. Wenye rangi ya majani makavu ya mkorosho hakuwaona. Wakabaki, wakataga, vifaranga wakafuata rangi ya mama zao. Kizazi baada ya kizazi, tazama banda langu lilivyofurika! Huyo wako angenirudishia weupe niliokwisha kuwalilia.”

“Lakini alikuwa mzuri!”

“Mzuri sana. Hata mchuzi wake.”

Dereva alicheka mpaka akaliingia shimo analolikwepa kila siku. Mimi niliyekaa katikati yao niliinamisha kichwa, kwa heshima ya marehemu.

Tuliposimama Kitaya, Inasio alimzuia Odete kwa mkono. “Sema samahani, tuyamalize.”

Odete alijitwisha tenga lake tupu, mayai yote yamekwisha sokoni. “Siombi radhi, shemeji. Wala kesho siombi.”