Homa Aliyoikana Dk. Pothen Ittiavira

Marehemu Dk. Pothen Ittiavira alizaliwa tarehe 3 Agosti 1952 kijijini Kuzhimattam, wilaya ya Kottayam, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ittiavira Kurian, mkulima wa miti ya mpira, na Bibi Eliamma. Mvua zilikuwa zimefunga njia, na mkunga alipofika alimkuta mtoto ameshaogeshwa na amelala. Utani wa nyumbani ulikuwa kwamba hiyo ndiyo mara pekee Pothen alipowahi kufika mahali kabla ya wenzake. Alipewa jina la babu mzaa mama, kama ilivyo ada kwa mtoto wa kiume wa pili.

Wasifu huu unasomwa na mpwa wake, Dk. Leena, lakini aliyeagiza yaliyomo ni marehemu mwenyewe. Mkewe, Mama Sosamma, alipinga kwa nguvu zote, akimwita kwa jina la heshima alilozoea kumwitia mumewe. "Achaya, mbele ya askofu? Mbele ya wakwe?" Marehemu alimjibu kutoka kitandani: "Andikeni basi kwamba nilikuwa mtu mwema. Halafu mmzike huyo mtu mwema, mimi mniache hapa." Mama Sosamma alinuna siku nzima, kisha akasema liwalo na liwe. Kwa hiyo mwenye kunung'unika asimnung'unikie msomaji.

Elimu ya msingi aliipata katika shule ya parokia, na ya sekondari mjini Changanassery. Aliingia chuo cha udaktari mwaka 1970, akahitimu 1976, na mwaka uliofuata akaanza kusomea utabibu wa watoto. Hakuwa na akili ya kung'amua jambo kwa mara moja. Alikuwa na akili ya kukariri, na alikariri kwa sauti. Alitembea kati ya miti ya mpira akiihubiria miche: uzito wa kuzaliwa huwa mara mbili mwezi wa tano, mara tatu mtoto anapotimiza mwaka; madoa meupe ndani ya shavu hutangulia vipele vya surua. Siku moja alikuwa akikariri jikoni huku Bibi Eliamma akiparua samaki. "Mtoto hutabasamu akiwa na wiki sita," alisema, "hukaa akiwa na miezi minane, hutembea akiwa na mwaka."

"Wewe ulitembea na miezi kumi na minane," mama yake akamkata. "Kitabu chako kinasemaje hapo? Nilizaa zuzu?"

"Kinasema mpaka miezi kumi na minane bado ni sawa, mama."

"Basi hicho kitabu kina adabu. Endelea kusoma."

Alisoma, na akafeli. Alifeli mwaka 1979 na akafeli tena 1980. Kwetu kufeli hakufichiki. Padri aliomba madhabahuni sala kwa ajili ya "kijana wetu Pothen na mtihani wake," na tangu hapo hata mchuuzi wa samaki alikuwa akimuuliza habari za masomo. Wakati huo posa ilikuwa imepelekwa kwa Mzee Chandy, baba yake Sosamma, naye hakukataa wala hakukubali. "Kijana mzuri," alisema akichokonoa meno. "Afaulu kwanza. Binti yangu haolewi na nusu daktari." Maneno hayo yalimfikia marehemu siku hiyo hiyo, maana mshenga hakuwa na kifua.

Mtihani wa tatu ulikuwa Aprili 1981. Walio madaktari hapa kanisani wanaujua mtihani wa vitendo ulivyo. Mtahiniwa hupewa mtoto mmoja, aulize, apime, kisha ajieleze mbele ya watahini. Watoto wenyewe ni wagonjwa wa siku nyingi, ambao huitwa kila mwaka kwa kazi hiyo. Mama zao wamesikia maswali mpaka wameyazoea, na mwenye huruma humnong'oneza kijana majibu. Chuo kinajua, watahini wanajua, na kila mtu hujifanya kiziwi.

Marehemu alipewa Sulochana, msichana wa miaka kumi na mmoja mwenye vali mbovu ya moyo. Mama yake, Karthiyani, alikuwa mkulima wa kibarua katika mashamba ya mpunga ya Kuttanad. Alimwona kijana anavyohangaika, akamsogelea.

"Usihangaike, mwanangu. Ni vali ya kushoto, inavuja. Ilianza na homa ya viungo akiwa na miaka saba. Mngurumo unakwenda mpaka kwapani. Wa mwaka jana nilimwambia hivyo hivyo, akafaulu."

"Na wengu?"

"Haujavimba. Wote huandika haujavimba."

Akaandika haujavimba.

"Ila siku hizi jioni anachemka," Karthiyani aliongeza. "Na chakula hataki."

"Hiyo haimo kwenye mtihani, mama."

Asubuhi ile ile, ndani ya basi, marehemu alikuwa amekariri kwa midomo: mtoto mwenye vali mbovu akipata homa isiyojulikana chanzo, papasa wengu, tazama kucha, maana huenda vijidudu vimejenga ndani ya moyo. Hilo alilijua kama jina lake la ubatizo. Na mtoto alikuwa mbele yake, amejifunika shuka hadi kidevuni katikati ya joto la Aprili. Marehemu aliweka chombo kifuani, akausikia mngurumo, akakitoa. Tumbo hakulifunua. Aliogopa kwamba akiukuta wengu, kila alichoandika kitageuka, na watahini watamfuata kwa maswali asiyoyaweza. Profesa alipofika kitandani aliuliza, "Ana homa?"

"Hana homa, Profesa."

Alifaulu. Mzee Chandy alichinja bata. Padri alitoa shukrani madhabahuni, na Bibi Eliamma akagawa ndizi za kukaanga kwa kila aliyepita njia.

Siku chache kabla ya harusi marehemu alirudi wodini kugawa kadi za mwaliko. Alikuwa bado na bunda la kadi mkononi wakati kitanda cha magurudumu kilipoingizwa, na kando yake Karthiyani, ambaye uso wake uliangaza alipomwona.

"Daktari! Ulifaulu?"

"Nilifaulu, mama."

"Nilijua mimi! Basi mtazame mwenzio. Ameamka mkono haunyanyuki, na mdomo umekwenda upande."

Safari hii alilifunua tumbo. Wengu ulikuwa umevimba. Chini ya kucha kulikuwa na vijistari vyeusi, kama vibanzi. Kipande kilichokuwa kimeota kwenye vali kilikuwa kimekatika na kwenda kuziba mshipa wa ubongo. Vyote alivyokuwa amevikariri alivikuta pale, kila kimoja mahali pake. Sulochana alitibiwa na akapona, lakini mkono wake wa kulia haukurudi.

Marehemu alifunga ndoa na Sosamma tarehe 25 Mei 1981. Katika picha zote za harusi hacheki. Wakwe walidhani ni majivuno ya mtu aliyepata cheo, na Mama Sosamma aliamini hivyo kwa muda mrefu. Walijaliwa watoto wawili, Anila na Kurian, na kila mmoja wao alipopata homa hata ndogo, baba yao alipapasa tumbo na kucha mpaka mtoto akaanza kulia.

Alifanya kazi katika hospitali ya serikali hadi mwaka 1990, kisha akafungua kliniki yake njia ya Ettumanoor. Maelfu ya watoto wa wilaya hii walipita mikononi mwake, na wengi wao leo wamekuja na watoto wao. Sulochana alikuwa akichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu ili vali isiharibike zaidi, na sindano hiyo marehemu hakumwachia muuguzi yeyote. Karthiyani alimwita mungu wake hadharani, mbele ya wagonjwa wengine, na kila sikukuu ya Onam alimletea fenesi kubwa amelibeba kichwani. Marehemu alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na hakuwahi kuonja hata kokwa.

"Achaya, fenesi limekukosea nini?" Mama Sosamma alikuwa akimuuliza.

"Linanikaba."

"Hata hujalitia mdomoni!"

Aliona aibu, na aibu yake haikuwa ya kupita. Kadiri Karthiyani alivyomsifu ndivyo alivyozidi kuona aibu, na kadiri alivyoona aibu ndivyo kusema kulivyozidi kumshinda. Alijiambia atamwambia mwaka ujao. Aliogopa kwamba mama akijua hatamleta tena mtoto kwa sindano. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa, na mwishoni alikiri haikuwa ya kweli. Alichoogopa ni kupoteza lile jina.

Jumapili baada ya chakula cha mchana aliwafundisha bure madaktari vijana wanaojiandaa na mtihani wa utabibu wa watoto. Walikaa barazani, wakala muhogo na mchuzi wa samaki wa Mama Sosamma, kisha maswali yakaanza. Msomaji wa wasifu huu alikuwa mmoja wao. Marehemu alikuwa mwalimu mcheshi. Aliyesahau miezi ya chanjo aliambiwa ampigie simu bibi yake amuulize. Lakini siku moja kijana aitwaye Shaji, baada ya kusikia swali gumu, alicheka na kusema, "Mwalimu, hilo nalo limo kwenye mtihani kweli?" Marehemu aliinuka, akaingia ndani, na darasa likaisha hapo. Shaji aliomba radhi wiki nzima bila kujua kosa lake.

Aliugua mwezi wa Septemba 2015, saratani ya kongosho, na aliisoma picha yake mwenyewe kabla daktari wake hajapata ujasiri wa kumweleza. Alikataa kupelekwa Muscat kwa mwanawe. Mwezi wa Desemba Karthiyani alikuja kumjulia hali pamoja na Sulochana, ambaye siku hizi anauza tiketi za bahati nasibu stendi ya mabasi. Waliokuwemo chumbani walitaka kutoka. Marehemu akawazuia.

"Mama," alimwambia Karthiyani, "siku ya mtihani uliniambia mtoto ana homa."

"Nilikuambia."

"Mimi nikamwambia profesa hana."

"Nilisikia." Karthiyani alikuwa ameinamisha kichwa. "Mliongea Kiingereza, lakini neno hilo nililijua. Kila mwaka wanaliuliza."

"Mbona hukusema, mama? Mbona hukunisuta pale pale?"

"Ungefeli. Ulikuwa umekonda hivyo, nikasema huyu naye ana mama anayemngoja. Nikasema nitampeleka mtoto kwa mwingine, na mavuno yakaanza, sikumpeleka. Mimi ndiye mama yake, daktari, na nilinyamaza. Miaka yote hii nikija hapa nilikuwa naogopa utaniuliza hilo hilo uliloniuliza sasa."

Marehemu alilia kwa sauti. Alikuwa amedhani aibu ile ni yake peke yake, kumbe alipoificha alimwachia mama wa watu aibebe naye, na fenesi juu yake. Akaanza kuomba msamaha, Karthiyani naye akaomba wake, kila mmoja akimkatiza mwenzake, mpaka Sulochana alipogonga ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima.

"Nyamazeni nyote wawili! Yeye anakuomba radhi wewe, wewe unamwomba yeye. Na mimi je? Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, si kichanga. Nilikuwa na mdomo. Mwenye homa nilikuwa mimi, na hakuna aliyeniuliza. Mpaka leo hakuna."

Marehemu alikuwa daktari wa watoto tangu mwaka 1981. Sindano zote za Sulochana alikuwa amemchoma yeye mwenyewe, na habari zake alikuwa akimuuliza mama.

Aliomba ainuliwe akae. "Sulochana," akasema, "siku ile ulikuwa unajisikiaje?"

Alimweleza. Alisema alihisi baridi, na viungo vilikuwa vinauma. Alisema alijifunika shuka makusudi ili daktari aulize kwa nini, na alipoona chombo kinaondolewa kifuani alikuwa karibu kusema, ila alitazama uso wa daktari akaona ana hofu kuliko yeye. Alisema aliwahi kumchukia, miaka ya mwanzo, kila alipojaribu kusuka nywele kwa mkono mmoja. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho bila kujitetea. Walipoondoka alimwagiza mpwa wake ayaandike hayo yote, yasomwe siku ya maziko, na Sulochana ayasikie kwanza na kuyakubali. Ameyasikia, na ameyakubali.

Dk. Pothen Ittiavira alifariki nyumbani kwake tarehe 11 Februari 2016, asubuhi, Mama Sosamma akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, Sosamma, binti yake Anila na mkwewe Rajan, mwanawe Kurian na mkewe Beena, wajukuu watatu, na dada yake Mariakutty, mama yake msomaji. Kwa agizo lake wameketishwa safu ya kwanza, pamoja na wafiwa, Bibi Karthiyani na binti yake Sulochana.

Aliomba jina lake kaburini liandikwe bila cheo. Mungu ampokee hivyo hivyo, na ampe kulala kwa amani.