Rede Mbele ya Mkaguzi

Bibi wa kiti cha nyuma aliacha kumenya karanga ili asikie vizuri. Mwalimu kijana alikuwa akimweleza mama mmoja, fundi cherehani, aliyeketi naye basini.

"Leo mkaguzi anakuja kuniona nikifundisha maadili yetu kwa michezo. Nimechagua rede, ule mchezo wa kukwepa mpira. Anayepigwa mpira anatoka."

"Atoke aende wapi, mwanangu?" fundi akamkatiza. " Sisi enzi zetu, mwenzio akiudaka mpira, unarudi kucheza. Hayo ndiyo maadili!"

"Sasa mshindi nitampataje, mama? Mkaguzi ataniuliza!"

"Mwingize huyo mkaguzi naye acheze."

"Yule? Ana kitambi, atapigwa wa kwanza!"

"Basi ndiye atakayefurahi kurudishwa!"

Bibi alicheka mpaka machozi. Basi likasimama kwenye geti la shule, kijana akashuka akicheka, bado anabisha kwamba mshindi lazima awepo.