Shimo la Kuvundikia Ndizi

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Yesu. Asanteni, mmeitikia vizuri, sitawarudisha mara tatu kama tunavyofanyiwa siku hizi mpaka mtu akauke koo. Mwenyekiti wenu ameniambia nisiwachoshe, na amenitazama kwa jicho la kwamba anamaanisha.

Ninyi ni wanafunzi wa vyuo, mko likizo, na mmekusanyika hapa Tukuyu kwenye mvua hii badala ya kulala kwa mama zenu. Hongereni. Na mimi nilikuwa kama ninyi. Niseme mapema ili mtu asije akavunjika moyo: ushuhuda wangu hauna jambazi, hauna jini, hauna aliyefufuka. Kama ulishajiandaa kupiga makofi, weka mikono mfukoni, baridi lenyewe mnaliona.

Mimi ni mzaliwa wa Kawetele. Baba yangu, tulimwita Tata kama tunavyowaita baba zetu huku, alikuwa na kishamba cha chai na migomba, na alikuwa mzee wa kanisa. Hakunywa pombe. Hakumpiga mama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na besi yake kanisani ilifika wakati wenzake wameshamaliza ubeti. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na shimo. Wengi mnalo kwenu: unachimba, unatandika majani makavu ya mgomba, unapanga mikungu, unafukiza moshi kidogo, unafunika kwa udongo, na baada ya siku chache ndizi zimeiva. Tata alikuwa fundi wa kuvundika. Jirani akiwa na harusi au ubatizo, ndizi mbivu zilitoka kwetu.

Basi nikapata chuo kikuu, Dar es Salaam. Ilikuwa miaka ya ruksa, ninyi mlikuwa hamjazaliwa. Kila kitu kilikuwa kinafunguka: mitumba imejaa, vibanda vya kudurufu kanda kila kona, na mikutano ya injili kila kiwanja. Kikundi chetu cha maombi kilitugawa katika familia, kama mnavyofanya ninyi mpaka leo. Kila familia ina baba na mama, wanafunzi wa mwaka wa pili, na sisi wageni ndio watoto. Mama wa familia yetu alikuwa dada mmoja wa Iringa. Alipika maharage kwenye jiko la umeme alilolificha chini ya kitanda, maana lilikatazwa, kisha tukala wote kwenye nyasi nje ya bweni lao. Ndugu zangu, nawaambia, upweke wa mji ule ungenirudisha nyumbani mwezi wa kwanza. Familia ile ndiyo iliyonishika, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nimekuja kuzisema vibaya.

Tatizo langu lilikuwa Ijumaa jioni. Ijumaa ilikuwa siku ya shuhuda. Anasimama mmoja, alikuwa mvuta bangi wa kutupwa. Anasimama mwingine, aliwahi kukabwa na mapepo mbele ya mwalimu mkuu. Ukumbi unatetemeka kwa amina. Nami zamu yangu ikafika, nikasema: nimelelewa katika nyumba ya Kikristo, nikabatizwa mtoto, nikapata kipaimara, nampenda Yesu. Nikasikia mtu anakohoa. Kiongozi akasema, "Amina. Tuzidi kumwombea ndugu yetu apate mguso."

Apate mguso! Nililala na neno hilo kama mtu aliyetukanwa. Nilimkasirikia Mungu kwa kunipa baba mzuri. Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Muhula uliofuata nikasimama tena. Nikasema baba yangu alikuwa mlevi. Kidogo tu, nilijaribu kama mtu anavyojaribu maji kwa kidole. Dada mmoja mstari wa mbele akafuta machozi. Wiki chache baadaye baba akawa anakwenda kwa waganga. Halafu, kwenye mkutano mkubwa wa kufunga mwaka, baba akawa mchawi mwenyewe. Nikawaambia kuna shimo nyuma ya nyumba yetu, Kawetele, na ndani ya shimo kuna chungu, na kila mtoto anayeugua pale kijijini ana kitu chake ndani ya chungu kile. Nikasema nilivyokimbia nyumba ile kwa damu ya Yesu. Watu walilia, watu waliokoka. Na vijana wa mitambo walikuwa wanarekodi.

Nilikuwa na umaarufu, jamani. Nilialikwa huku na huku, kanda ikadurufiwa, ikauzwa. Mama wa familia pekee ndiye aliyeniuliza, tukiwa tunaosha sahani: "Mwanangu, mzee wako anajua unavyomsema?" Nikamjibu, "Kule kijijini hawana habari na mambo ya chuo." Alinitazama, akaendelea kusugua sufuria.

Njia ya mwongo ni fupi. Kanda ilipanda basi kabla yangu. Mfanyabiashara mmoja wa pale Msasani, hii yetu ya Tukuyu, si ile ya Dar, aliinunua mjini, akawa anaipiga dukani kwake kwa sauti siku za soko, na watu wa Kawetele husimama hapo wakinunua chumvi. Jina la baba sikulitaja. Lakini sauti yangu waliijua, na shimo walilijua. Wengine walikuwa wamekula ndizi za shimo lile tangu utotoni.

Niliposhuka likizo, kuna mtu stendi alinishika mkono kwa mikono miwili: "Ndiwe yule wa kanda! Pole sana kwa uliyopitia." Nilimshukuru. Nilikuwa nimefika nusu ya njia ya nyumbani nikichekelea ndipo nikajiuliza kanda ile imefikaje huku.

Nyumbani Tata alinipokea begi. "Umefika. Umekula?" Basi. Mama ndiye aliyenieleza nikiwa naye jikoni, bila kuniangalia. Tata ameacha uzee wa kanisa, hakufukuzwa, alirudisha mwenyewe. Majirani waliokuwa wakichuma chai kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, hawaji tena, na majani yamekomaa shambani hayauziki. Na jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mama mmoja mwenye mtoto wa kike wa miaka minne, mtoto alishikwa na homa. Wazazi walikumbuka kanda. Wakampeleka kwenye maombi ya kufungua vifungo, wakakaa huko siku mbili, na walipofika hospitali walikuwa wamechelewa. Mtoto alikuwa anazikwa kesho yake.

Sitasema kanda yangu ilimuua mtoto yule, mimi si daktari. Lakini mtu akiniambia haikuhusika, namwambia anyamaze.

Tulikwenda msibani. Tata alibeba mkungu wa ndizi begani, kama anavyofanya kila msiba. Akautua pale wanawake wanapopikia, akasema pole, akaenda kukaa. Nilikuwa nautazama ule mkungu. Walimenya ndizi za wote. Ule hawakuugusa, na mwanamke mmoja akausogeza kwa mguu mbali na moto. Tata aliona. Alikunja mikono yake akakaa mpaka mwisho wa maziko.

Tukiwa tumerudi, wakaja vijana na majembe. Wakapita nyuma ya nyumba, wakaanza kufukua shimo. Tata akasimama pembeni hakuwazuia. Na mimi nilikuwepo! Nilikuwa nimesimama mlangoni, mwanachuo, mhubiri, nikiwaangalia. Ningesema neno moja tu wangeacha. Walitoa mikungu yote, imeiva, ya njano, wakaikanyaga kwenye matope, wakachimba mpaka udongo mwekundu. Chungu hakikuwepo. Nikapumua, nikajua sasa wameona wenyewe. Mmoja wao akajifuta jasho akasema, "Amekihamisha huyu." Wenzake wakaitika.

Siku ile ndiyo nilielewa nilichokitengeneza.

Walipoondoka, Tata alianza kuokota ndizi ambazo hazijapasuka. Nikamfuata. Nikamuuliza, "Tata, ile kanda umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Ukasemaje?"

Aliifuta ndizi moja matope kwa kiganja. "Nilimwonea huruma huyo kijana," akasema, "kulelewa na baba wa namna ile."

Na mimi, ndugu zangu, badala ya kuanguka miguuni pake, nilipanda basi kesho yake asubuhi nikarudi Dar es Salaam kabla likizo haijaisha. Nilikimbia. Niliacha kwenda Ijumaa, niliacha kusali, nikawa nakaa chumbani nimejifunika. Majibu ya mitihani yalipotoka nilikuwa na sapu tatu, masomo matatu ya kurudia mtihani, na wa kunionea huruma sikumtaka. Familia walidhani nimerogwa na baba. Walifunga na kuomba kwa ajili yangu, dhidi ya baba yangu. Hilo lilinichoma kuliko sapu.

Mama wa familia alikuja, akaniita nje, akanikalisha kwenye nyasi zile zile tulipokuwa tukila maharage. Nikamwambia yote. Nililia mpaka nikatia aibu. Alisubiri nimalize, akasema, "Chozi lako hapa halimsaidii mzee. Ulisema mbele za watu, kaseme mbele za watu."

Viongozi wa kikundi hawakutaka. Walikuwa watu wema, lakini waliogopa. "Watu wameokoka kwa ushuhuda ule," mmoja akasema, "tukisema ni uongo tutawaangusha. Tubu kimya kimya, Mungu anajua." Nami, kwa kweli, nilitamani kumkubali. Dada yule wa Iringa akamuuliza, "Na baba yake naye tumwambie Mungu anajua?" Ijumaa nilisimama, nikasema. Hakuna aliyepiga makofi. Wengine hawakunisemesha tena mpaka tunamaliza chuo.

Likizo iliyofuata yeye na baba wa familia walinisindikiza mpaka huku, watu wasio na ndugu Rungwe, wakalala kwetu, wakala kwa mama yangu. Jumapili nikasimama katika usharika wetu. Nikasema: baba yangu si mchawi, hajawahi kuwa mlevi, shimo ni la ndizi, mimi ni mwongo. Kisha bibi mmoja akasema kwa sauti, kwa Kinyakyusa, na maana yake ilikuwa hivi: "Masikini, sasa amemroga hata mwanawe, amemgeuza ulimi."

Kuna waliotikisa kichwa kumkubali. Maji yakimwagika hayazoleki, na nilikuwa nayatazama yakienda.

Nyumbani nilipiga magoti mbele ya Tata. Akanishika bega. "Mimi nilikusamehe siku ileile ya ndizi. Lakini mimi sikukuamini kwenye ile kanda, kwa hiyo kwangu una kazi ndogo. Nenda kwa waliokuamini."

Ndiyo kazi niliyoifanya likizo ile, na likizo zilizofuata, nyumba kwa nyumba, kwenye utelezi. Wengine walinicheka, wengine walinipa chai. Mwenye duka aliacha kuipiga kanda. Polepole majirani wawili wakarudi kuchuma na Tata, kisha wengine. Uzee wa kanisa walimrudishia, akakataa, akasema amezoea kukaa benchi la nyuma, anaona vizuri zaidi. Sapu nilizifaulu, nikawa mwalimu, niko Ibighi na familia yangu. Tata alifariki mwaka juzi, tukiwa tumepatana. Lakini miaka aliyokaa peke yake shambani, na chai inakomaa, hiyo siwezi kumrudishia, na naijutia kila asubuhi.

Nawashukuru dada wa Iringa na baba yule wa familia, hawapo hapa, Mungu awakumbuke. Namshukuru mama yangu aliyewapikia wageni wale kana kwamba hakuna kilichotokea. Namshukuru mchungaji wetu wa wakati ule aliyeniachia madhabahu bila kuuliza nitasema nini.

Na ninyi wadogo zangu, likiwapo la kuokota, ni hili. Kama Mungu alikulinda usiharibike, simama useme alinilinda, kisha ukae. Wakikohoa, wakohoe. Na ninyi viongozi, msimwombee apate mguso mtoto ambaye Mungu hajamwachia tangu azaliwe. Hamjui mnampeleka wapi.

Nimalizie. Yule mama wa ng'ambo ya kijito yupo, ni mzee sasa. Nimekwenda kwake mara nyingi, na mara nyingi alinifungia mlango. Jumamosi iliyopita alinikaribisha, akanipa kigoda. Nikamweleza tena yote tangu mwanzo: Ijumaa zile, kikohozi kile, uongo wangu, shimo la ndizi. Hakunikatiza. Nilidhani leo yamekwisha. Nilipomaliza aliangalia mvua, akasema bila hasira:

"Unasimulia vizuri, mwanangu. Hata kwenye kanda ulisimulia vizuri."

Nilimrudishia kigoda chake, nikaaga. Mniombee, Jumamosi nitakwenda tena. Asanteni kwa kunisikiliza.