Hamudi wa Mizani

Pale Mkomaindo, mjini Masasi, ukishavuka barabara iendayo hospitali, kuna benchi limeegemea banda la fundi baiskeli, na watu wanapaita Kijiwe cha Pancha. Wengine wanadai jina limetokana na kazi ya fundi. Wengine wanasema ni kwa sababu habari yoyote ikifika pale, hata iwe nzima namna gani, lazima itobolewe. Fundi mwenyewe ni Fakihi, anaitwa Redio Mbao maana hutangaza bila betri. Kulia kwake hukaa Gasper, muuza mitumba, ambaye tangu serikali iachie biashara kila mtu afanye anaitwa Soko Huria, na jina hilo analipenda kuliko la ubatizo. Katikati ni pa Mzee Ladislaus, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo. Yeye ni Rufaa, kwa kuwa hakuna ubishi unaokwisha mpaka auhukumu upya. Lukmani muuza kahawa huweka dele lake chini, akimimina vikombe na kusikiliza kuliko anavyosema.

Na Hamudi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mwandika vibao. Miaka ile kila mwenye chumba chenye mlango wa mbele alifungua duka, na kila duka lilitaka jina, kwa hiyo kazi hazikumpungukia. Mama yake, Esha, Mmakonde wa Newala, alikuwa akikaanga mandazi. Baba yake alikuwa Mhindi wa duka la vitenge, akaondoka kwenda Kanada mtoto hajaota meno, asiache hata anwani. Basi Hamudi akakua na nywele za singa, pua ya dukani na Kimakonde cha shambani. Uwanjani walimwita, "Mhindi, pasi!" Akienda kununua rangi kwa Wahindi, waliona mbeba mizigo: "Wewe boi, subiri nje." Alikuwa amezoea, au alijiambia amezoea.

Jumatatu moja, msimu wa korosho umeshika kasi, alifika kijiweni na shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata.

— Shikamoo, Mzee.

— Marahaba, mwanangu, alisema Mzee Ladislaus. Mbona shati la Idi na leo Jumatatu?

— Nimepata kazi. Kesho nasimama kwenye mizani, ghalani kwa Dinesh.

Vikombe vilishuka. Wiki iliyopita wakulima wa Lukuledi walikaribia kung'oa milango ya ghala lile. Walisema mizani ya Dinesh, mnunuzi wa korosho, inakula kilo. Dinesh akasema wakulima wanamletea mchanga. Baada ya kupigiana kelele kutwa nzima, walikubaliana atafutwe mtu mmoja asimame kati.

— Unasimama kwa niaba ya nani? aliuliza Fakihi.

— Ya wote. Wakulima wamenikubali kwa sababu ya mama. Dinesh amenikubali kwa sababu ya baba.

— Na wewe umekubali kwa sababu ya nani?

— Kwa sababu rangi imepanda bei.

Wakacheka. Soko Huria alikunywa funda moja, akajifuta mdomo.

— Mimi sina neno na wewe, Hamudi. Wewe mshikaji wangu, kibao changu umekiandika wewe. Ila tuseme kweli. Hii ni zamu ya wazawa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa huyu Dinesh, badala ya jembe, kapewa mizani!

— Dinesh kazaliwa Lindi, alisema Lukmani.

— Lindi si pwani? Huyo kazaliwa ukingoni. Angeteleza kidogo tu, kazaliwa majini.

— Mimi nina habari za uhakika, Fakihi akadakia, spana mkononi. Chini ya ile mizani kuna sumaku. Sumaku ya meli! Inalishika gunia kwa chini, linashindwa kulemea.

— Sumaku haishiki korosho, alisema Mzee Ladislaus.

— Inashika sindano iliyosahauliwa kwenye gunia.

— Kila gunia lina sindano?

— La kwako halina, Mzee, ndiyo maana hujatajirika.

Mzee Ladislaus aliinua kidole, ishara kwamba rufaa imepokelewa.

— Mnabishana bila sheria. Mizani inasikia lugha. Mwaka wa sitini na tatu tulikuwa na kesi kule Newala. Mwenye duka akiisemesha mizani Kihindi, inapungua. Mlalamikaji akiisemesha Kimakonde, inapanda. Hakimu akaamuru isemeshwe Kiingereza. Ikakataa kabisa kusoma.

— Kesi ikaishaje?

— Mizani ilifungwa miezi sita.

Hata Hamudi alicheka mpaka kahawa ikampalia. Hapo Fakihi akamgeukia.

— Haya, mtaalamu. Mizani kwa Kihindi ni nini?

— Sijui.

— Hata habari za asubuhi?

— Redio, sijui hata neno moja. Angenifundisha nani?

— Anaficha huyo, alisema Soko Huria, naye bado anacheka. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kicheko kilipungua. Lukmani aliacha kumimina.

— Na Esha naye nyoka? Mandazi uliyokula asubuhi umekaangiwa na nani?

— Natania, bwana! Sisi si watani?

— Tu watani, alisema Hamudi. Alitabasamu, lakini tabasamu lilimganda mdomoni kama rangi iliyokosa mafuta.

Kesho yake, jua halijapata ukali, foleni ya baiskeli na magunia ilikuwa imezunguka ghala. Dinesh, mtu mnene mwenye kalamu sikioni, alimpokea mlangoni.

— Karibu, kijana. Sisi damu moja, tutaelewana.

Papo hapo mzee mmoja wa Lukuledi akamshika bega la upande wa pili.

— Mwanetu, tuko nyuma yako.

Hamudi alijihisi kama gunia linalobebwa na watu wawili wanaokwenda njia tofauti. Alijitoa taratibu mikononi mwao. Kabla hajapima hata punje ya korosho, alivuka barabara, akaazima dukani mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Kilo hamsini, imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Akaupandisha.

Mizani ikasoma arobaini na saba.

— Saruji hiyo imekauka, alisema Dinesh.

— Bwana Dinesh, saruji inaharibika ikilowa. Ikikauka ndiyo saruji.

Akaazima mfuko wa pili. Arobaini na saba. Wa tatu, vilevile. Hamudi akawageukia watu wa foleni.

— Mizani hii inakula kilo tatu.

Loo! Ghala lililipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakamnyanyua juu juu. "Mtoto wa Esha! Mmakonde halisi huyu!" Dinesh aliinama, akazungusha parafujo chini ya mizani mpaka saruji ikasoma hamsini. Alipoinuka alimsogelea Hamudi, akanong'ona:

— Baba yako angeona aibu.

— Mkionana, mwambie nipo.

Dinesh alimgeuzia kisogo. Alichomoa kalamu sikioni, akarudi kwenye daftari lake.

Magunia sita yalipita salama, kwa nyimbo na utani. La saba lilisukumwa na Gasper Soko Huria, maana naye alikuwa na mikorosho ya marehemu mama yake kule Lukuledi.

— Fanya chapuchapu, mshikaji, nimeacha mitumba juani.

Akamkonyeza. Gunia halikuwa limejaa. Lilikuwa limelegea shingoni kama kuku aliyechinjwa. Lakini mizani ilisoma kilo tisini, zaidi ya magunia yote yaliyojaa tangu asubuhi.

Hamudi alilitazama gunia, akamtazama Gasper. Alijua kabisa angeweza kusema "tisini" na maisha yakaendelea. Wangekunywa kahawa pamoja kesho. Wangemwita Mmakonde mpaka azeeke.

— Gasper, lifungue.

— Acha hizo! Wewe si wetu?

— Lifungue tu, kaka.

Gasper hakuligusa. Hamudi akakata kamba mwenyewe, akalimwaga. Zilitoka korosho, korosho, korosho, kisha kikaanguka kitu kwa kishindo: suruali ya jinzi ya mitumba, imefungwa miguu yote miwili, na ndani yake mawe matatu.

Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka, na wawili kule mwisho wa foleni wakaanza kugeuza baiskeli zao polepole. Gasper alikuwa amewiva uso.

— Mhindi koko wewe! Mnaona? Damu imejibu!

Na midomo ileile iliyopiga vigelegele ikaliokota neno. "Mhindi! Kanunuliwa!" Korosho moja ikarushwa, ikampiga Hamudi sikioni. Dinesh, kwa furaha yake, akamsogezea kiti.

— Si nilisema? Damu moja. Kaa, kijana, kaa.

Hamudi hakukaa. Alikisogeza kiti kando. Aliwaza kwenda zake kwenye brashi na makopo yake, huko ambako herufi hazimuulizi mtu asili yake. Akarudi kwenye mizani.

— Gunia la nane.

Hakuna aliyesogea.

— Nasema, gunia la nane!

Yule mzee aliyemshika bega asubuhi aliyatazama yale mawe matatu. Kisha akalisukuma gunia lake mbele. Likapimwa, likawa safi. Foleni ikaanza kwenda, safari hii bila nyimbo, mpaka jioni.

Nyumbani mama yake alimwekea ugali na kisamvu, akakaa kumtazama akinawa.

— Nasikia leo ulikuwa Mmakonde mpaka saa nne, halafu ukawa Mhindi mpaka jioni.

— Ndiyo, mama.

— Na sasa je?

— Sasa nina njaa.

— Kula basi. Na kesho usipite njia ya uani. Pita kijiweni kwako, kama siku zote.

Akapita. Walikuwapo wote. Gasper alikuwa amempa mgongo, anaikagua baiskeli ambayo haikuwa yake. Lukmani alimpa Hamudi kikombe kabla hajaomba. Redio Mbao ikashindwa kujizuia.

— Mimi nimefanya uchunguzi. Yale mawe yaliota. Korosho ikifungiwa gizani na joto, ile ya katikati inageuka jiwe.

— Na suruali je? aliuliza Lukmani. Nayo iliota?

— Haba na haba hujaza kibaba, alinung'unika Gasper bila kugeuka.

— Kisheria, alisema Mzee Ladislaus, suruali ilikuwa imevaliwa na mawe. Mvaa suruali ndiye mshitakiwa. Gasper ni mwenye nguo tu, na kuazima nguo si kosa.

— Hoja si mawe! Gasper akageuka sasa. Hoja ni huyu kuwa wetu ama wao. Mtu lazima awe na upande!

— Tumgawe kwa ratiba, alisema Fakihi. Jumatatu mpaka Jumatano Mmakonde. Alhamisi mpaka Jumamosi Mhindi.

— Na Jumapili?

— Jumapili tunamwachia mwenyewe apumzike.

Hamudi aliweka kikombe chini.

— Gasper, kibao chako kina herufi tisa. Nilikuandikia zote tisa. Sikukupunja hata moja, wala sikukuzidishia. Siku ile hukuniuliza upande.

Gasper aliigeukia tena ile baiskeli isiyo yake. Ndipo ikasikika sauti barabarani.

— Hodi hapa, jamani.

Alikuwa mama wa makamo, nembo za Kimakonde zimempamba mashavu, anakokota baiskeli yenye gunia lililomzidi kimo.

— Karibu, mama, walijibu wote.

— Mimi Mama Ethel. Nimetoka Newala, nimeshuka na lori la asubuhi. Nimeambiwa Masasi hii kuna kijana anapima korosho, hamwibii mkulima, hamwibii mnunuzi. Namtafuta huyo.

Fakihi alielekeza kwa spana. Mama Ethel alimtazama Hamudi, nywele, pua, tena nywele. Akamsemesha Kimakonde, taratibu, kama mtu anayejaribu kina cha maji kwa mguu. Hamudi akamwamkia na kumjibu kwa Kimakonde kilekile cha shambani, mpaka yule mama akapiga makofi kwa furaha. Kisha akawageukia wale wa benchini, akauliza kwa wema tu, kama mgeni anavyouliza:

— Na ninyi ndio ndugu zake?

Fakihi alilizungusha gurudumu lililokuwa mikononi mwake. Mzee Ladislaus aliinua kidole, kikabaki hewani, kikashuka. Lukmani aliliinamisha dele, yakatoka machicha matupu. Hamudi alikuwa akidhani jibu la swali lile halimhusu tena, lakini alijishangaa anasubiri, anawatazama mmoja mmoja.

Wa mwisho alikuwa Gasper, amempa mgongo tena.

Hamudi akasimama, akashika usukani wa baiskeli ya mama yule.

— Twende, mama, kabla foleni haijarefuka.

Kutoka kijiweni kwenda ghalani kuna kilima kidogo chenye mchanga. Gurudumu lilikuwa likididimia, Hamudi anavuta, jasho linamwingia machoni, Mama Ethel yuko kando amelishika gunia lisipinduke. Walikuwa wameipita nyumba ya tatu pale baiskeli ilipokuwa nyepesi ghafla. Hamudi aligeuka. Nyuma ya gunia alikuwa Gasper, amejiinamia, mikono yote miwili inalisukuma gunia, macho yako mchangani.

Mama Ethel naye alimwona.

— Haya, na wewe ni nani wake?

Gasper alihema mara mbili tatu, bila kuinua uso.

— Mimi nasukuma tu, mama.